Kulikiza pumzi: mashine ya kupumulia, ekografia na historia ya neno moja

0. Neno na picha yake

Katika Kifaransa ambacho waganga wa Kongo husomea kazi yao, tendo la kumwondoa mgonjwa kwenye mashine ya kupumulia huitwa sevrage, neno lile lile linalotumiwa kwa mtoto anayeachishwa ziwa. Waingereza nao hufanya vivyo hivyo: neno lao la kumwachisha mtoto ndilo la kumwachisha mgonjwa. Kiswahili kina kitenzi cha kale cha jambo hilo, kulikiza, ambacho katika matumizi ya leo kimefifia mbele ya kuachisha ziwa. Kimebaki zaidi katika mtoto wake, likizo, ambaye wanafunzi wanamjua vizuri kuliko wanavyomjua mzazi wake. Sevrer ya Kifaransa inatokana na neno la Kilatini la kutenga; kulikiza ni kukomesha. Hakuna hata moja kati ya maneno hayo lililozaliwa hospitalini. Yote yametoka kifuani pa mama.

Sitiari ya namna hii si pambo la lugha tu. Neno linapoazimwa huja na picha yake nzima. Katika picha hii yupo anayetoa, ambaye ni mashine. Yupo anayepokea, ambaye ni mgonjwa. Na ipo njia inayojulikana tangu zamani, yaani kupunguza kidogo kidogo, leo mara tano, kesho mara nne, mpaka mtoto asahau. Waganga waliolitumia neno hilo walipokea pia, pengine bila kujua, wazo kwamba mgonjwa hatengani na mashine isipokuwa kwa kupunguziwa polepole. Makala haya yanafuata historia ya wazo hilo, tangu Copenhagen mwaka 1952 hadi siku hizi, ambapo mganga huweka chombo cha ekografia ubavuni mwa mgonjwa ili aone kama kiwambo chake kinafanya kazi kabla ya kuutoa mrija. Ni safari ya kutoka kwenye kuitazama mashine hadi kumtazama mgonjwa, nayo ilichukua miaka mingi kuliko ilivyostahili.

1. Mikono ya Copenhagen

Wazo la kupuliza hewa ndani ya mapafu ni la kale. Andreas Vesalius, katika kitabu chake kikubwa cha maumbile ya mwili wa binadamu kilichotoka mwaka 1543, alieleza jinsi mnyama aliyepasuliwa kifua anavyoweza kubakizwa hai kwa kutiwa utete katika njia yake ya hewa na kupulizwa. Lakini mashine ya kwanza iliyoenea hospitalini haikupuliza. Ile iliyobuniwa na Philip Drinker na Louis Agassiz Shaw mjini Boston, na kutumiwa kwa mara ya kwanza kwa msichana wa miaka 8 mwezi wa Oktoba 1928, ilikuwa pipa la chuma. Mgonjwa alilazwa ndani, kichwa kikabaki nje, na hewa ya pipani ikanyonywa ili kifua kipanuke na pumzi iingie kwa njia yake ya kawaida. Watu waliliita pafu la chuma. Liliwaokoa wengi, ila lilikuwa ghali, lilijaza chumba, na mgonjwa aliyeshindwa kumeza aliweza kusongwa na mate yake mwenyewe akiwa ndani yake.

Mwaka 1952 Copenhagen ilikumbwa na mlipuko mkali wa polio. Kati ya Julai na Desemba hospitali ya Blegdam ilipokea wagonjwa 2,722, na 316 kati yao walidhoofika misuli ya kupumua au ya kumeza kiasi cha kuhitaji msaada. Hospitali ilikuwa na pafu la chuma 1 na vifaa 6 vidogo vya kufungwa kifuani. Katika wiki za mwanzo wagonjwa 31 walitibiwa kwa vyombo hivyo, na 27 walikufa. Mkuu wa idara, H.C.A. Lassen, akakubali kumwita daktari wa nusukaputi, Bjørn Ibsen, jambo ambalo wakati huo halikuwa la kawaida, kwa kuwa daktari wa nusukaputi alihesabiwa kuwa mtu wa chumba cha upasuaji.

Ibsen hakuleta chombo kipya. Alileta usomaji mpya. Vipimo vya damu vilionyesha hewaukaa nyingi mwilini mwa wagonjwa, na waganga wa Blegdam walikuwa wamevielewa kama dalili ya damu iliyozidi alkali, ugonjwa usiofahamika asili yake. Ibsen alizitazama tarakimu zile zile akasema jambo rahisi: hewaukaa imejaa kwa sababu mgonjwa hapumui vya kutosha kuitoa. Tarehe 27 Agosti 1952 mtoto wa miaka 12 aliyekuwa akifa alitobolewa shingoni, akatiwa mrija wenye kujaza njia ya hewa, na mfuko wa mpira ukaanza kukamuliwa kwa mkono. Akapona hatari ile.

Kwa kuwa mashine hazikuwapo, mikono ilitafutwa. Wanafunzi wapatao 1,500 waliitwa kwa zamu kukaa kando ya vitanda na kukamua mifuko, usiku na mchana. Siku za kilele wagonjwa 70 walipumulishwa kwa wakati mmoja, na saa zote zilizotumika zinakadiriwa kufika 165,000. Vifo katika kundi hilo la wagonjwa vilishuka kutoka asilimia 87 hadi karibu 40, na baadaye hadi karibu 25. Lassen alitoa taarifa katika jarida la The Lancet mwezi wa Januari 1953, na mwisho wa mwaka huo huo Ibsen alifungua katika hospitali nyingine ya mji huo wodi inayohesabiwa na wengi kuwa ya kwanza ya wagonjwa mahututi kwa maana ya leo.

Mambo haya husimuliwa mara nyingi kwa sababu ya ushujaa wa wanafunzi, na ni haki. Lipo hata hivyo jambo jingine ndani yake lisilotajwa sana. Mkono unaokamua mfuko huhisi kifua kilicho upande wa pili: ukinzani wa pafu, kikohozi, na lile jaribio dogo la mgonjwa kuvuta mwenyewe. Mwanafunzi hakuhitaji kipimo ili ajue kwamba pumzi inarudi, ilimjia vidoleni. Mashine zilizochukua nafasi yake, kama ile ya Msweden Carl-Gunnar Engström, zilipuliza kwa usahihi na bila kuchoka. Ziliikomboa mikono, lakini hisi ile ikapotea, na kwa miaka mingi hakuna kilichoirudisha.

2. Miaka ya kupunguza polepole

Kupuliza hewa kwa nguvu kupitia mrija kulifungua mlango wa kuingilia. Swali la kutokea likaachwa nyuma. Ni swali zito kwa sababu makosa yake ni mawili na yote huua. Mrija ukibaki siku nyingi, vijidudu hupata njia ya kushuka mapafuni na kuleta nimonia, dawa za usingizi humlemaza mgonjwa, na misuli yake hunywea. Mrija ukitolewa mapema, mgonjwa huhema, huchoka, na hurudishiwa mrija katika hali mbaya kuliko ya kwanza. Hata mahali ambapo kazi hufanywa kwa uangalifu, kati ya mgonjwa mmoja katika kumi na mmoja katika watano hurudishiwa mrija baada ya kutolewa kwa mpango, na vifo kati yao ni vingi.

Hapo ndipo picha ya mama na mtoto iliposhika usukani. Mwaka 1973 John Downs na wenzake huko Florida walieleza njia ya kuifanya mashine ipulize mara chache tu kwa dakika, huku mgonjwa akiachwa avute mwenyewe katikati. Kila siku idadi ya mipulizo ingepunguzwa: kumi, nane, sita, nne. Njia hiyo ilienea upesi, na si ajabu, kwa kuwa ilifanana kabisa na neno. Kulikiza ni kupunguza; basi mashine nayo ipunguzwe. Ilionekana kuwa ya upole, ya busara, na ilimpa mganga jambo la kufanya kila asubuhi.

Wakati huo huo wengine walitafuta kipimo. Tarakimu nyingi zilipendekezwa, na nyingi hazikusaidia. Iliyodumu ni ile ya Karl Yang na Martin Tobin, iliyochapishwa mwaka 1991, kwa sababu ya wepesi wake: idadi ya pumzi kwa dakika hugawanywa kwa ujazo wa pumzi moja kwa lita. Anayepumua mara 20 kwa nusu lita hupata 40. Anayepumua mara 30 kwa robo lita hupata 120, naye amevuka mpaka wa 105 ambao waandishi hao waliuweka. Pumzi zake ni za haraka na fupi kama za mbwa aliyekimbia, na huenda akashindwa.

Jaribio lililoitikisa picha ya zamani lilifanyika Hispania, chini ya uongozi wa Andrés Esteban, na kuchapishwa mwaka 1995. Mwaka mmoja kabla yake, uchunguzi wa hospitali za nchi hiyo ulikuwa umeonyesha kwamba asilimia 41 ya muda wote wa wagonjwa mashineni ilitumika katika kuwaachisha. Esteban na wenzake waliwachukua wagonjwa 546 walioonekana kuwa tayari, wakawapa jaribio moja la kupumua wenyewe kwa saa mbili. Wagonjwa 416 walifaulu na kutolewa mrija hapo hapo. Yaani, zaidi ya watatu katika wanne hawakuhitaji kulikizwa hata kidogo. Walihitaji mtu wa kuwajaribu. Wale 130 waliobaki waligawiwa njia nne. Njia ya kupunguza mipulizo ilikuwa ya mwisho: waliojaribiwa mara moja kwa siku walitoka mashineni kwa kasi ya karibu mara tatu kuwapita waliopunguziwa. Utafiti wa Laurent Brochard, uliotoka mwaka 1994, ulitofautiana na wa Wahispania kuhusu njia iliyo bora, lakini kuhusu iliyo mbaya zote mbili zilikubaliana.

Ni vigumu kusoma tarakimu hizo bila kuwafikiria wagonjwa wa miaka ishirini iliyotangulia ambao walilala siku tatu, nne au tano zaidi wakipunguziwa kitu wasichokihitaji tena. Neno halikuwaua, bila shaka. Lakini lilisaidia kuufanya ucheleweshaji uonekane kama huruma.

Na gharama ya ucheleweshaji ikaja kujulikana hadi ndani ya nyama. Mwaka 2008 Sanford Levine na wenzake huko Marekani walichapisha uchunguzi wa vipande vya kiwambo vilivyochukuliwa kutoka kwa watu 14 ambao ubongo wao ulikuwa umekufa na ambao viungo vyao vilikuwa vikitolewa kwa ajili ya wengine. Viwambo vyao vilikuwa vimepumzika kabisa, mashine ikifanya kazi yote, kwa saa kati ya 18 na 69 tu. Nyuzi za misuli zilikuwa zimepungua unene kwa zaidi ya nusu zikilinganishwa na za watu waliofanyiwa upasuaji mfupi. Siku tatu zilitosha. Hapo sitiari ya ziwa ilivunjika upande mwingine tena: maziwa hayamdhoofishi mtoto anayeyanywa.

3. Pafu lisiloonekana

Jaribio la kila siku lilijibu swali la nani anaweza. Halikujibu swali la kwa nini yule mwingine hawezi. Mgonjwa anayehema baada ya dakika ishirini huenda ana kiwambo kilichonywea, au moyo usiohimili mzigo, au pafu lililojaa maji, au vyote pamoja. Kwa macho yote hufanana. Ili kuelewa chombo kilichokuja kuyatenga, yafaa kurudi nyuma kidogo, kwenye njia ambayo haikuwa na uhusiano wowote na wagonjwa wa mashine.

Lazzaro Spallanzani alishuku tangu miaka ya 1790 kwamba popo haongozwi na macho. Mwaka 1880 Pierre na Jacques Curie waligundua kwamba fuwele fulani zikibanwa hutoa umeme, na baadaye ikaonekana kwamba zikipewa umeme hutetemeka. Wakati wa Vita Vikuu vya kwanza Paul Langevin akatumia kwazi kutuma sauti ndani ya bahari ili kutafuta nyambizi. Baada ya hapo viwanda vilichukua ufundi huo kutafutia nyufa ndani ya chuma. Waganga waliuazima kutoka viwandani. Katika Lund, nchini Sweden, mwaka 1953, Inge Edler na mwanafizikia Hellmuth Hertz waliandika mwendo wa moyo kwa mwangwi. Katika Glasgow, Ian Donald alianza mwaka 1955 kwa kubeba uvimbe uliokatwa na wapasuaji hadi kwenye kiwanda kilichokuwa na chombo cha kukagulia chuma, na mwaka 1958, pamoja na John MacVicar na fundi Tom Brown, akachapisha picha za tumbo la mwanamke mjamzito na za uvimbe wa tumboni.

Kabla ya hao wote alikuwapo Karl Dussik wa Austria, naye ndiye anayestahili kukumbukwa hapa, ingawa alikosea. Kuanzia mwaka 1942 alitangaza kwamba amepitisha sauti kichwani na kuona vyumba vya maji vya ubongo. Miaka ya mwanzo ya 1950 wachunguzi wa Ujerumani na Marekani walithibitisha kwamba picha zake zilikuwa kivuli cha mfupa wa fuvu, si ubongo. Tangu hapo kila mwanafunzi wa ekografia alifundishwa kuogopa taswira za uongo, yaani michoro inayotokea kiooni bila kuwa na kiungo nyuma yake.

Na pafu, kwa kanuni hiyo, lilikuwa la uongo mtupu. Sauti inapogonga hewa hurudi karibu yote, zaidi ya sehemu 99 katika 100. Hakuna inayopita ili kurudi na habari za ndani. Kinachoonekana chini ya mbavu ni mstari mmoja mweupe, ambao ni utando wa pafu, na chini yake mistari mingine ya mlalo iliyo marudio ya ule wa kwanza, kama mwangwi wa mtu anayepiga kelele kisimani. Vitabu vya tiba vikahitimisha kwamba ekografia haifai kwa pafu. Hitimisho hilo lilirudiwa kwa miongo kadhaa, na liliporudiwa halikupimwa.

Aliyelipima alikuwa Daniel Lichtenstein, mganga wa wagonjwa mahututi aliyefanya kazi tangu mwaka 1989 katika hospitali ya Ambroise-Paré, Boulogne, kando ya Paris, kwenye wodi ya François Jardin ambako ekografia ya moyo ilikuwa tayari ni kazi ya kila siku. Chombo kilikuwapo kando ya kitanda. Alikisogeza tu kutoka moyoni kwenda pafuni. Mwaka 1992 alitoa kitabu kuhusu ekografia ya mwili mzima wa mgonjwa mahututi. Mwaka 1995, pamoja na Yves Menu, alionyesha kwamba utando wa pafu unapoteleza juu ya ule wa kifua, kuteleza huko huonekana kiooni, na kukionekana mganga aweza kuwa na hakika kwamba hapo hakuna hewa iliyovujia nje ya pafu. Jambo hilo lilikuwa limekwisha kutajwa mwaka 1986 na daktari wa mifugo, Rantanen, aliyewachunguza farasi. Waganga wa watu hawakusoma majarida ya farasi. Mwaka 1997 Lichtenstein alieleza mistari mingine, ya wima, inayoshuka kutoka kwenye utando hadi mwisho wa kioo kama miale ya kurunzi na kufuta ile ya mlalo. Hutokea pale maji yanapoanza kuchukua nafasi ya hewa. Mistari ya mlalo ikapewa herufi A, ya wima herufi B.

Msomaji aliyezoea isimu atalitambua jambo analolijua. Sauti isiyo na maana huwa ishara pale tu tofauti zake zinapopangwa, A dhidi ya B. Lichtenstein hakuona pafu, hakuna aliyeliona. Alipanga taswira za uongo kwa mfumo, akazisoma. Kosa la Dussik lilikuwa kuichukua taswira ya uongo kuwa kiungo. Kosa la waliomfuata lilikuwa kudhani kwamba ya uongo haisemi kitu.

4. Ubavuni mwa mgonjwa

Kuingia kwa ekografia katika kazi ya kuachisha mashine hakukuwa tukio moja. Kulitokea kwa milango mitatu.

Moyo ulitangulia, na ulitangulia bila ekografia. Mwaka 1988 François Lemaire na wenzake wa Créteil waliwapima kwa mirija iliyopitishwa hadi ndani ya moyo wagonjwa 15 wenye maradhi ya mapafu na ya moyo, walioshindwa kuachishwa. Waliona kwamba mashine inapoondolewa damu hurudi kwa wingi kifuani, chumba cha kushoto cha moyo hulemewa, na mapafu hujaa maji. Wagonjwa 9 waliachishwa baadaye, baada ya kupewa dawa za kupunguza maji mwilini. Walichohitaji ni mkojo, wala si mazoezi ya pumzi. Kipimo kile cha mirija kilikuwa kizito na chenye hatari. Ekografia ya moyo huuliza swali lile lile kutoka nje ya ngozi.

Pafu lilifuata. Kundi la Jean-Jacques Rouby mjini Paris lilikigawa kifua katika sehemu 12, kila moja ikapewa alama kutoka 0, pale ambapo hewa ni kamili, hadi 3, pale ambapo pafu limeganda kama ini. Jumla haizidi 36. Katika utafiti uliotoka mwaka 2012, ambao mwandishi wake wa kwanza ni Alexis Soummer, wagonjwa 100 walipewa jaribio la kupumua wenyewe. Waliofaulu walikuwa 86, na wote walitolewa mrija. Lakini 29 kati ya hao waliofaulu walipata shida ya pumzi baadaye. Mwishoni mwa jaribio, wakati mgonjwa bado ametulia na kila tarakimu ya kawaida ikisema ndiyo, ekografia ilikuwa tayari imeonyesha kwamba pafu linapoteza hewa. Wenye alama chini ya 13 walikuwa salama kwa kiasi kikubwa; wenye zaidi ya 17 walikuwa hatarini. Katikati ya namba hizo mbili hakuna anayeweza kusema kwa hakika, na waandishi hawakujificha.

Kiwambo ndicho kilichochelewa, ingawa ndicho kinachofanya kazi yenyewe. Jina lake la Kiswahili limetokana na kuwamba, kama ngozi inavyowambwa juu ya ngoma. Lile la Kigiriki ambalo Wazungu wamelirithi humaanisha ukuta wa kutenganisha. Kwa ufundi huu Kiswahili kimelenga vizuri zaidi, kwa sababu kinachopimwa ni ngozi inayonenepa inapokazwa. Chombo huwekwa ubavuni, chini ya kwapa, karibu na ubavu wa nane hadi wa kumi, mahali ambapo kiwambo kinalala sambamba na ukuta wa kifua. Huonekana kama ukanda mweusi kati ya mistari miwili myeupe, wenye unene wa milimita 2 hivi. Mgonjwa anapovuta pumzi, ukanda huo hunenepa. Ukitoka milimita 2.0 ukafika 2.6, umeongezeka kwa asilimia 30, na hapo ndipo Ernest DiNino na wenzake walipouweka mpaka wao mwaka 2014 baada ya kuwapima wagonjwa 63. Njia nyingine hutazama kiwambo kutoka mbele, kupitia ini, na kupima kinashuka kiasi gani. Huko Seoul, mwaka 2011, utafiti wa wagonjwa 82 uliita dhaifu kiwambo kinachoshuka chini ya milimita 10, au kinachopanda badala ya kushuka; wagonjwa 24 walikuwa nacho, nao walikaa mashineni muda mrefu kuliko wengine.

Uchunguzi uliofungua jambo kubwa zaidi ni wa Ewan Goligher, wa Toronto, wa mwaka 2015, ambao haukungoja siku ya kutoa mrija. Wagonjwa 107 walipimwa unene wa kiwambo siku baada ya siku tangu mwanzo. Kwa 47 kilipungua zaidi ya asilimia 10. Kwa 47 wengine hakikubadilika. Na kwa 13 kiliongezeka. Waliopungua ni wale ambao mashine iliwafanyia kazi kupita kiasi. Walioongezeka ni wale walioachwa wapambane mno, na unene wao haukuwa wa nguvu. Basi kulikiza, ikiwa neno hilo libaki, hakuanzi siku mganga anapofikiria kuutoa mrija. Huanza siku mrija unapoingia.

Ufundi huu una mipaka ambayo wanaoupenda husahau kuitaja. Upande wa kushoto wa kiwambo huonekana kwa shida, kwa kuwa hewa ya tumboni huuficha. Kulia kuna ini, ambalo hupitisha sauti. Kosa la nusu milimita katika ukanda wa milimita 2 ni robo nzima. Mtu mnene, jeraha lililofungwa, mkono usio na mazoezi: yote hubadilisha jibu. Tena kipimo hakina maana mashine ikiendelea kumsukumia mgonjwa hewa, kwa kuwa haijulikani ni nani anayefanya kazi. Mganga anayepima kiwambo bila kuuliza mashine imewekwaje amepima hewa.

Na hata kipimo kikiwa sahihi, hakimalizi hukumu. Mwaka 2016 kundi la Samir Jaber la Montpellier lilichapisha uchunguzi wa wagonjwa 40 waliokuwa wamedhoofika misuli ya mwili mzima baada ya siku nyingi za ugonjwa na ambao walikuwa karibu kutolewa mrija. Nguvu za kiwambo zilipimwa kwa kuisisimua kwa sumaku neva inayokiendesha, na unene wake kwa ekografia. Wagonjwa 32 walikuwa na kiwambo dhaifu. Kwa kufuata tarakimu peke yake, wengi wao wangebakizwa mashineni. Mirija ilitolewa hata hivyo, na karibu nusu ya wale 40 wakaendelea kupumua wenyewe, bila kurudishwa.